Mbwa Ndiye Aliyeambiwa

Jumatatu, 3 Juni

Tumetoka Grou, hatimaye. Mimi, mume wangu Wybren, na Sipke. Mbwa kapanda wa kwanza, kakaa kwenye kiti changu. Sawa tu. Kila kiangazi tangu ujana tunazunguka na mashua hii na bado sina kiti. Jina pia silo langu. Inaitwa Ymkje, jina la mama yake Wybren, Mungu amrehemu, na yeye alikuwa hivyohivyo: mzito, hageuki mpaka atake mwenyewe.

Kazi ni zilezile. Yeye usukani, mimi kamba. Yeye yuko kivulini anafoka, mimi niko mbele na upepo, naruka gatini kama mbuzi na umri wangu huu. Zunguka Frisia yote, mkoa wetu huu wa Uholanzi, maziwa na mifereji, utakuta mwanamume ndani, mwanamke mbele na kamba. Nani alipanga? Mimi sikuulizwa.

Lakini la leo ni la aibu. Karibu na Terherne tumepishana na Gjalt na mkewe Baukje, karibu kabisa, hata nimeona Baukje kapaka kucha rangi. Wamepunga mikono wote wawili. Mimi nikapunga. Wybren – kimya! Mikono kwenye usukani, macho mbele kama sanamu. Ebo! Majini hata adui unampungia. Hata yule wa boti ya kukodi asiyejua mbele ni upande gani, unampungia. Na hawa ni marafiki zetu, walicheza mpaka alfajiri kwenye harusi ya Hiske, binti yetu! Nimemuuliza, kasema hakuwaona, jua lilimpiga machoni. Jua gani? Lilikuwa mgongoni.

Jumanne, 4 Juni

Baukje kapiga simu kabla sijamaliza kahawa. Shoga, tumewakosea nini? Gjalt usiku kucha anajigeuza tu kitandani. Nikasema ni jua. Akasema, aa, jua. Sauti ile naijua. Kufika mwisho wa wiki Grou nzima itakuwa inasema Wybren kaanza maringo.

Nikamweleza mwenyewe, kaudhika. Haya, kasema, kuanzia leo nampungia kila kiumbe.

Na kweli! Leo Ziwa la Sneek lote kapunga mpaka nimetamani kujificha kabatini. Boti ya injini, anapunga. Ya tanga, anapunga. Kisha bata! Nimeona kwa macho yangu – bata na vifaranga vyake, na mume wangu anawainulia mkono kwa heshima zote. Unanikebehi? Akasema hapana, nawasalimu tu, si ulitaka salamu. Nikamwambia vizuri, leo kila mtu na chakula chake. Nimekula mkate mweusi wa rai na samaki mkunga wa moshi nje, peke yangu. Mtamu kweli. Sikumbakishia.

Alhamisi, 6 Juni

Tumelala mjini IJlst. Sipke anaanza kuwa na adabu mbaya na najua sababu.

Mbwa huyu nimemlea mimi. Nimemfundisha mimi asibweke kwenye boti, maana mbwa wa kubweka bandarini ni kama mtoto wa kulia kanisani, kila mtu anamtazama mama. Sasa anabwekea kila kinachoelea. Na leo nimemkamata mwenyewe: Sipke kabweka, boti ikatokea kwenye kona, Wybren kapunga mkono, halafu – jibini! Kipande cha jibini mdomoni mwa mbwa! Jibini langu la bizari! Nikauliza, unamlipa ili abweke? Kasema mbwa anafanya kazi yake, mwache. Kazi gani? Kasema, ya ulinzi. Ulinzi wa nini, wa bata?

Mama mmoja wa boti ya jirani kanijia jioni na tabasamu la meno tu. Eti mbwa wako ana sauti nzuri. Nimeomba radhi mimi! Aliyekosa yuko ndani anasikiliza redio.

Ijumaa, 7 Juni

Nitaandika, la sivyo nitapasuka.

Asubuhi nilikuwa jikoni chini nachemsha kahawa, Wybren usukanini, tunaliendea daraja la kuinuliwa. Sipke kimya, hakuna boti iliyokuwa inakuja. Nikapanda na vikombe viwili. Daraja limefungwa. Taa nyekundu, mbili, kubwa, hata kipofu angeziona – ndivyo nilivyowaza, Mungu anisamehe, neno hilohilo. Na sisi tunakwenda tu! Polepole, kwa raha zetu, tunaelekea kwenye chuma kilicho chini kuliko paa letu.

Nyekundu! Wybren, nyekundu!

Akarudisha nyuma kwa nguvu, injini ikalia, Ymkje akalala mfereji mzima kwa ubavu. Fimbo ya bendera ikavunjika kwenye nguzo. Mlinda daraja akatoka na kipaza sauti chake, watu wa baiskeli wote wanasikia: Mzee wa Ymkje, unakwenda wapi? Daraja langu halina mlango wa chini! Watu wakacheka. Nilitaka maji yanimeze.

Tukafunga kwenye nyasi, mbali na watu. Nikazima injini mimi. Nikasema, Wybren, niambie. Kaangalia pembeni. Nikasema, niangalie mimi. Kasema, ndivyo ninavyokuangalia. Nikikuangalia moja kwa moja sikuoni.

Katikati haoni. Pembeni anaona kidogo, katikati ni kama mtu kaweka kidole gumba hapo na hataki kukiondoa. Tangu vuli. Daktari alimwona Februari, siku ile aliyoniambia kaenda kununua oili ya injini. Na oili alirudi nayo kweli! Kaipitia njiani! Daktari kamwambia gari basi, boti basi.

Na Sipke? nikauliza. Kasema, Sipke akibweka najua kuna mtu, napunga. Sitaki watu wafikiri nimekuwa na maringo.

Kwa hiyo mbwa ndiye aliyeambiwa. Mbwa! Mimi ninayelala naye kitanda kimoja, ninayemkata kucha, ninayeruka na kamba mbele ya chombo kinachoendeshwa na mtu asiyeona – mimi sikuambiwa. Mbwa kapewa siri na jibini juu yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alitaka tuumbuliwe wote watatu. Ningekuwa mbele na kamba leo badala ya jikoni ningebanwa na chuma. Nimeitupa kahawa mferejini pamoja na kikombe. Kikombe cha mama yake. Sijuti.

Jumamosi, 8 Juni

Hatukusemezana mpaka saa sita mchana. Halafu tukasemezana kwa siku nzima.

Nimesema Hiske lazima aambiwe. Jumatatu anatusubiri Sloten, tumekubaliana kula pamoja. Wybren kasema ukimwambia Hiske kabla hajavua koti atakuwa kampigia dalali, mashua inauzwa. Ni kweli, namjua binti yangu. Kila Krismasi anatutajia fleti yenye lifti.

Nikasema, na iuzwe basi. Kasema, nikae dirishani niangalie nini?

Hilo ndilo limenikasirisha kuliko yote. Mtu kanidanganya miezi yote hii halafu ananifanya nimwonee huruma. Sitaki kumwonea huruma! Nataka kumfokea, nina haki ya kumfokea, na kila nikifungua mdomo namwona anageuza kichwa pembeni kama kuku ili anione.

Nikasema, nitaendesha mimi. Akacheka. Wewe? Hujawahi hata kuitoa gatini. Nikasema, nani alinipa nafasi? Kasema, uliomba? Niliomba, bwana! Niliomba kabla Hiske hajazaliwa, ukaniambia subiri upepo utulie. Ni upepo gani huo usiotulia miaka yote?

Kisha kasema, mapatano: ukitufikisha Sloten wewe mwenyewe, Hiske akaona kwa macho yake ni wewe usukanini, tunamwambia yote na mashua inabaki. Ukishindwa, tunamwambia yote na inauzwa. Anasema "ukishindwa" kama vile macho ni yangu! Nimekubali.

Jumapili, 9 Juni. Pentekoste

Ziwa la Heeg. Kwenye maji mapana si kitu, hata Sipke angeweza. Nimeshika usukani, unapiga kidogo mikononi, na kwa kweli nimefurahi. Kisha nikakumbuka nimekasirika.

Kufunga gatini ndiyo balaa. Ymkje hana breki. Ukigeuza usukani anafikiri kwanza. Nimekuja kwa kasi, nikarudisha nyuma nimechelewa, tumeigonga gati mpaka sahani zimelia kabatini. Wanaume wakatokea! Hawa wanakaa wapi siku zote? Kila mmoja na mkono wa kusaidia na ushauri. Kulia! Nyuma! Mwenye kofia akapaza sauti: Mama, muachie mzee usukani! Na mzee yuko mbele na kamba, anapapasa kitu cha kuifungia, kaipita nguzo mara mbili.

Wybren akageuka huko sauti inakotoka. Kamwambie hivyo mkeo nyumbani! kasema. Mke wangu anajua anachofanya.

Sikujua ninachofanya. Na yeye alijua kwamba sijui. Nilimkasirikia yule wa kofia, nikamkasirikia Wybren kwa kunitetea, nikaenda chini kuosha sahani zilizokuwa safi.

Jumatatu, 10 Juni. Pentekoste ya pili

Naandika usukanini, daftari juu ya goti. Woudsend. Mlinda daraja yuko kwenye chakula cha mchana, daraja limefungwa, na sikukuu imemwaga boti zote za Frisia kwenye mfereji mmoja. Sisi tuko mbele kabisa. Nyuma yetu foleni. Mkono wa kushoto mgahawa, meza zote zimejaa, watu hawana pa kutazama ila sisi.

Baada ya daraja hili ni ziwa moja tu, halafu Sloten. Hiske kaandika kwamba ameshafika, ameshaagiza kahawa na mkate wa sukari, eti mwambie Baba asiende mbio.

Upepo unatoka ubavuni na unazidi. Daraja ni jembamba. Nimelipima kwa macho, kisha nimelipima tena. Boti ya kukodi ingepita. Ymkje ana nyonga za mama mkwe.

Wybren yuko mbele. Kavaa viatu, kafunga kamba zake zote, kaweka mipira ya kukinga ubavu pande zote mbili, kaigusa mmoja mmoja kuhakikisha. Nimemwambia kaa, kakataa. Kasema mtu wa kamba hakai. Kamfungulia Sipke mlango wa chumba cha usukani, na mbwa kalala miguuni kwangu. Jibini liko mfukoni mwangu sasa, sijui lilifikaje.

Kengele ya barabara imelia. Magari yamesimama. Nyekundu na kijani pamoja: jiandae. Daraja linapanda. Nimewasha injini. Upepo, upepo. Pua yetu inakwenda kwenye ukuta na bado hata sijaanza.

Wybren kauliza bila kugeuka, bado nyekundu?

Nimemwambia bado.

Nyuma wanapiga honi, mmoja, halafu wote. Kauliza wana nini hao. Nimesema, wapumbavu tu, hawana subira, wewe shika kamba yako. Kasema sawa. Kasema, niambie ikigeuka.

Ni kijani, tangu aliponiuliza mara ya kwanza.