Watu Hamsini wa Kumzika Baba

Magogoni, Kisauni
7 Juni 2021

Mdogo wangu Mwarandu,

Salaam nyingi kutoka kwetu sote. Sisi huku hatujambo kiasi, isipokuwa Baba. Kifua kimemshika tena tangu Ijumaa, na sasa analala akiwa amekaa. Wanangu wazima. Nawe huko Likoni waendeleaje? Linda na mtoto je?

Usishangae kupata barua ya mkono. Nimempa Roseline, yule jirani anayeuza mahamri karibu na feri, kwa kuwa anavuka kuja huko kila siku. Simu imetushinda mimi na wewe. Mwezi uliopita nilikupigia mara tatu, na mara zote tatu tulimaliza kwa kukatiana. Kwenye karatasi angalau utanisikiza mpaka mwisho ndipo ujibu.

Naanza na lile lililotugombanisha. Najib, fundi wa makochi, mume wa Zuleikha tunayeishi naye ukuta mmoja, alifariki mwezi wa tano. Chifu aliniita kwa kuwa mimi ndiye mhudumu wa afya wa mtaa. Akanipa rejista, akanisimamisha kwenye lango la makaburi: watu hamsini, basi. Nilihesabu. Mtu wa hamsini na moja alikuwa kaka yake Najib, baba mmoja mama mmoja, ametoka Lamu. Nilimrudisha, Mwarandu. Alisimama ng'ambo ya barabara na kanzu yake, akatazama nduguye akiingizwa bila yeye. Zuleikha hajanisemesha tangu siku hiyo.

Kesho yake mheshimiwa wako, huyo unayempigia kampeni, akajaza uwanja wa shule. Watu maelfu, barakoa hakuna, na polisi ndio wanaowafungulia njia. Aliyeshika kipaza sauti ni wewe. Nilikusikia nikiwa jikoni kwangu. Sasa watu wananiuliza kama corona ya Dorcas inawajua wafiwa peke yao. Hebu nambie, niwajibu nini?

Wala usidhani nawatetea hao wa upande wa pili, wenye serikali. Glavu na barakoa zilipoletwa zahanati, mwakilishi wa wadi alikuja na orodha yake mkononi, na jina langu likakatwa kwa sababu mimi ni dadako. Naingia kwa wagonjwa nimejifunga kitambaa nilichokishona mwenyewe. Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka kuwa adui wa kila mtu kwa kazi ambayo sikuiombea mshahara.

Baba anakuulizia. Njoo umwone, na uje peke yako, bila yale magari.

Dadako,
Dorcas


Likoni
13 Juni 2021

Dada yangu Dorcas,

Shikamoo. Baba naye mfikishie shikamoo yake, umwambie namwombea. Sisi wazima. Linda anakusalimu, na mtoto ameota meno mawili, sasa kila kitu kwake ni cha kuuma, pamoja na mimi.

Barua yako imeniweka kitako kama mtoto wa darasa la nne, hata nikajikagua kucha. Lakini nitajibu. Sisi hatukuanza, dada. Wenye serikali walipokuja kuzindua barabara yao huko Miritini, ulisikia mtu ametawanywa? Wao wakikusanyika ni wananchi, sisi tukikusanyika ni ugonjwa. Mheshimiwa anasema tukikaa majumbani mpaka haya maradhi yaishe, tutatoka tukute uchaguzi umepita na viti vimegawanywa. Mimi namwamini, kwa kuwa kabla ya kazi hii nilikuwa nashinda lango la bandari nikingoja kuitwa kibarua, na wewe wajua siku ngapi nilirudi mikono mitupu.

Kuhusu polisi nitakwambia ukweli ambao sitausema kwenye kipaza. Hatuombi kibali. Mheshimiwa humpigia mkubwa wa kituo, wakachekeshana kidogo, yakaisha. Mkubwa hajui mwaka ujao bosi wake atakuwa nani, kwa hiyo akiona kofia ya zambarau ya chama chetu hugeuza uso. Zikiwa za wenye serikali hupiga saluti. Asiye na kofia ndiye anayepigwa. Sikuyapanga mimi, nimeyakuta.

Ya Najib yameniuma. Makochi yangu ya harusi alishona yeye. Wiki hii tuna ziara ya Changamwe na tenti zote ziko juu yangu, lakini wiki ijayo nitakuja kumwona Baba, peke yangu kama ulivyosema.

Mdogo wako,
Mwarandu


Magogoni
24 Juni 2021, asubuhi

Mwarandu,

Nisamehe, leo sina maneno ya kukujulia hali. Baba amefariki alfajiri. Nimekupigia tangu saa kumi na mbili na simu yako imezimwa. Roseline ameapa hatauza hata hamri moja kabla hajakutia barua hii mkononi.

Alihitaji hewa. Mtungi mmoja wa oksijeni tuliokuwa nao zahanati ulichukuliwa mwezi uliopita ukapelekwa wadi ya jirani, ambako mwakilishi wao anapatana na wakubwa. Tuliambiwa utarudi. Jana jioni Baba alilitaja jina lako mara mbili. Sisemi kwa kukuumiza, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Amri ni siku tatu na watu hamsini. Atazikwa hapa hapa kwenye kiwanja chake, kama alivyotaka, Jumamosi. Ukoo wa Kaloleni peke yake unapita mia mbili. Baba Mdogo Nguma amenipigia akilia. Anasema ndugu yake amechimba makaburi ya watu wote ukooni tangu ujana, hajakosa matanga hata mara moja, na leo azikwe na watu wa kujaza chumba kimoja? Nimeandika majina hamsini, nikayafuta, nikaandika tena. Shangazi zetu wako wanne. Nimkate yupi?

Lakini mimi nilimrudisha kaka yake Najib. Siwezi kuwafungulia wangu lango nililowafungia wenzangu, kisha niendelee kuishi mtaa huu. Njoo unisaidie kuyakata haya majina, maana mkono wangu unakataa.

Dadako,
Dorcas


Likoni
24 Juni 2021, jioni

Dada,

Roseline amenikuta uwanjani tukifunga vipaza. Nimeisoma mbele ya watu na nimelia mbele ya watu. Nilisema wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuwa hii, na mimi nilikuwa nahesabu vyuma vya tenti.

Usikate jina la mtu hata mmoja. Waite wote, Kaloleni, Rabai, wazee wa bandarini waliofanya kazi naye, wote. Nimezungumza na mheshimiwa. Jumamosi Magogoni hakutakuwa na mazishi, kutakuwa na mkutano wetu, na katikati ya mkutano tutamzika Baba. Naleta kofia mia nne, bendera na tenti. Kila anayeingia avae kofia, hata shangazi. Mkubwa wa kituo ameshapigiwa. Askari wakija watakuta kofia, na wakishaziona watapita.

Najua utakavyokasirika. Najua ulivyosimama langoni kwa Najib. Lakini Baba hatazikwa mara ya pili ili tujirekebishe. Sikumletea hewa, sikumletea hata uso wangu. Nipe hili moja, dada, kwa sababu sina jingine la kumpa.

Ukikubali, mwambie Roseline "ndiyo" tu. Atanipigia.

Mdogo wako,
Mwarandu


Likoni
18 Julai 2021

Dada yangu Dorcas,

Shikamoo. Wanao hawajambo? Sisi tupo, hivyo hivyo.

Hii ni barua ya tatu tangu tumzike Baba. Roseline anasema zile mbili za kwanza alikupa mkononi, ukazipokea, ukasema asante. Basi nitaendelea kuandika mpaka asante yako iongezeke neno.

Najua kilichokuudhi ni ile hotuba ya mazishini. Nilimpa mheshimiwa dakika tano, naye mwenyewe aliniambia tatu zinamtosha. Ungeona nilivyokuwa nikimwashiria kutoka nyuma ya tenti. Lakini watu walikuwa mia nne, dada, na mtu kama yule akiona watu mia nne hajui tena aliyekufa ni nani. Naomba radhi. Zile picha za jeneza zilizosambaa pia sikuzituma mimi, ingawa kamera niliileta mimi.

Baba Mdogo Nguma nilimpigia juzi. Anasema amerudi kutoka hospitali, lakini kutoka kitandani mpaka mlangoni anapumzika mara mbili. Aliniuliza kama aliupata ugonjwa pale mazishini. Nikamwambia haijulikani. Nawe ungemwambia nini?

Kuna habari nyingine, na najua itakukera. Mheshimiwa amehama. Jumatatu alipigwa picha akikumbatiana na wale wale wenye serikali, na kumbe walikuwa wakizungumza tangu Mei. Sasa anavaa kofia yao ya buluu na anahimiza watu wafuate masharti ya afya. Sisi vijana wa zambarau tumeambiwa tusubiri tutaitwa. Nimerudi lango la bandari.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Mdogo wako,
Mwarandu


Magogoni
9 Agosti 2021

Mdogo wangu Mwarandu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Pole kwa kazi, na Linda umpe pole pia, ndiye anayepika kisichokuwepo.

Sikunyamaza kwa hasira, au si kwa hasira peke yake. Sikujua niandike nini bila kukutwika wewe mzigo wote, na si haki. Aliyemwambia Roseline "ndiyo" ni mimi. Ulinipa nafasi ya kukataa, na nilikuwa na mchana mzima wa Ijumaa.

Nikwambie pia kwamba kwa saa moja nilifurahi. Shangazi zetu waliimba mpaka sauti zikakauka, wazee wa bandarini walipokezana jembe, na hakuna aliyesimama ng'ambo ya barabara. Nilisema moyoni, Baba, watu wako hawa hapa. Nilikuwa na kofia kichwani na nilikuwa nimeisahau.

Kisha mheshimiwa akashika kipaza. Dakika arobaini, Mwarandu, jeneza likiwa juani. Alimwita Baba mwanachama wa kwanza wa zambarau hapa Magogoni. Baba, ambaye hakuwahi kuhudhuria mkutano wa chama chochote, na wapiga debe wao wakija alikuwa akijifanya kiziwi! Mtu mmoja akaweka kofia juu ya jeneza. Niliiondoa. Yule kijana wako wa kamera akaniomba niirudishe kidogo tu, picha itoke vizuri. Nikageuka, nikawaona askari wawili wamesimama mlangoni wakituangalia. Nikairudisha. Kwa mkono wangu huu huu.

Tangu siku ile kazi yangu imekwisha. Mwezi wa saba alifariki bibi mmoja hapa chini, chifu akanituma na rejista. Waombolezaji walikuja wamevaa kofia. Za zambarau, za buluu, mmoja alivaa ya kampuni ya rangi za nyumba. Walinipita wakinisalimu vizuri tu, hakuna aliyesimama kuhesabiwa. Wiki ile tulipeleka wanne hospitalini kutoka nyumba ile ile. Nimemrudishia chifu rejista yake. Hakuniuliza kwa nini.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Alhamisi Zuleikha alibisha hodi. Tangu Mei hakuwa amevuka mlango wangu. Nilimkaribisha, nikamwekea kiti, na nilikuwa na maneno yangu tayari, yale ya kuomba radhi, nimeyapanga kwa wiki nyingi. Hakunipa nafasi. Alinipa pole ya Baba kwanza, taratibu, kama inavyotakiwa. Kisha akasema:

"Sikuja kukulaumu, Dorcas, wallahi. Mzee wako alikuwa mtu mwema, na kila mtu ataka kuzika vyema. Nina swali moja tu. Siku ile ya Najib, wewe ulikuwa wajua kuwa ni kofia tu?"

Sikumwelewa mara moja. Akaendelea:

"Maana ningevaa. Ningewavisha wanangu, ningemvisha na shemegi yangu aliyetoka Lamu. Najib mwenyewe ningemfunika bendera yao, Mwenyezi Mungu angenisamehe. Ungeninong'oneza tu, kama jirani."

Nilimwambia sikujua. Ni kweli kabisa, Mwarandu, na wewe ni shahidi: uliniandikia mambo ya kofia mwezi wa sita, Najib alikuwa ameshazikwa. Lakini niliposema "Sikujua, Zuleikha," mbele ya mwanamke aliyesikia nyimbo za mazishi yetu kupitia ukuta wake, nilijisikia mwenyewe nikisema uongo. Nilitaka kumletea barua yako aisome. Kisha nikaona nitamwonyesha nini, kwamba ndugu yangu ndiye aliyekuwa akijua?

Alisema, "Haya." Akanywa maji niliyompa, akanishukuru, akaenda zake. Kesho yake asubuhi tulikutana kwenye mfereji wa kuchotea maji. Alisogeza ndoo yake ili niweke yangu, akasema "karibu", kwa adabu ile anayomfanyia mtu asiyemfahamu.

Dadako,
Dorcas