Mafuta ya Mama kwenye Mnyororo

Mtongwe, Jumapili, 1946

Si kutu, kumbe. Ni mafuta ya nazi.

Kutwa nimeshinda uani na pikipiki yangu kuukuu, ile niliyokuwa nikishindana nayo mbio za kupanda majabali kabla ya kwenda vitani. Mnyororo umekakamaa. Kila kiungo kimeganda uchafu mweusi wa mafuta na mchanga, nami nausugua kwa kumbi la nazi na mafuta ya taa huku nanung'unika. Nani mwenye akili zake atapaka mnyororo mafuta ya nazi?

Dada Mwanamisi alikuwa kizingitini akikuna nazi. Akasema taratibu, "Ni mama. Kila Ijumaa akishajipaka mafuta nywele, alikuwa akija kuupaka na huo mnyororo. Akisema, 'Mwanangu akirudi asikute chombo chake kimekufa.'"

Mama alifariki mimi ningali ng'ambo. Sijui alikuwa akichutamaje pale, na magoti yale yaliyokuwa yakimuuma.

Nikaendelea kusugua, lakini polepole. Chini ya harufu ya mafuta ya taa ikaja ya asumini, aliyokuwa akiiloweka kwenye mafuta yake ya nywele. Nikawa mtoto tena, nimelaza kichwa mapajani pake, kanga yake imenifunika uso.

Alasiri mnyororo ukalainika; nikatia petroli, nikaipiga teke, injini ikawaka. Nilidhani ningefurahi zaidi.

Dada akaniletea maji na sabuni. Nikamwambia aviweke tu, nitanawa.

Naandika haya, na mikono bado sijanawa.