Bakshishi ya Matuta

Malaba, Oktoba 1955

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla mama mkwe wangu hajakata roho, maana hakuna wa kumchimbia kaburi na yeye mwenyewe anajua. Mwaka huu Bwana Shamba alitangaza kwamba serikali itampa bakshishi kila mkulima atakayechimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, basi mume wangu Okanya akaniambia nipike ajono, pombe yetu ya wimbi, tukawaita majirani kama tunavyoitana siku zote, leo kwako kesho kwangu, wakaja na majembe yao, wakachimba mpaka jua likawa kali, kisha tukakaa kuzunguka chungu kimoja kila mtu na mrija wake, na hakuna aliyetaja pesa kwa sababu kwetu kazi ya namna hiyo hailipwi. Halafu tukaitwa gombolola, kwenye ofisi ya chifu wetu, Bwana Shamba akamsimamisha mume wangu mbele ya watu, akamsifu kwamba amechimba matuta yote kwa mikono yake mwenyewe, akampa shilingi zake, na majirani wale wale wamesimama pale wanasikiliza, na Okanya akasema asante tu, nami nilikuwa nyuma yake nikanyamaza vilevile.

Pesa nyingi amenunulia mabati. Nikapika ajono tena ili watu waje tupalilie pamba, akaja mzee Omoding peke yake, yeye ndiye huongoza wachimba makaburi hapa kwetu, akachukua mrija wake ambao siku zote huuacha kwetu, akasema, "Sisi nalima, Okanya nalipwa. Siku ya msiba, serikali nakuja chimba." Akaenda zake, na pombe ikachacha mpaka nikaimwaga. Sasa mama mkwe wangu, mama Alaso, yuko kitandani, hali chakula tena, kila asubuhi ananiuliza kama kuna jirani aliyekuja kumwona, namdanganya kwamba walikuja akiwa usingizini. Nikimwambia mume wangu awagawie watu pesa iliyobaki ananiita kwa jina la mtoto wetu, anasema, "Mama Amuge, walikunywa wakashiba, deni gani tena?" Nina aibu na nina hofu, nifanye nini?

Alungat

*

Mwanangu Alungat, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikasirika kabla ya kuhuzunika. Mumeo hakuiba. Serikali humlipa mwenye shamba. Lakini alisimama akasifiwa kwa jasho la wenzake, na maneno machache tu yangetosha: "Bwana, tulichimba wengi." Wewe nawe usijifiche mgongoni kwake, ulimi ulikuwa nao.

Anauliza deni gani. Mwambie ajono haikuwa mshahara. Walipokunywa kwenu, walijua kesho atakuja kwao na jembe.

Sasa sikiliza. Usithubutu kuwapelekea shilingi. Ukimpa Omoding pesa leo umemfanya kibarua wenu, na hapo ndipo hatakanyaga kwenu kabisa. Chukueni majembe alfajiri, wewe na Okanya, mwende shambani kwake bila kuitwa, mchimbe matuta, na mkimaliza mwende kwa jirani anayefuata. Wakiuliza mnafanya nini, Okanya aseme kwa kinywa chake lile alilolimeza gombolola. Kisha akamwite Bwana Shamba aje ayapime, bakshishi ijayo waipokee wao. Watawacheka, vumilieni. Wengine watawapa mgongo, nyinyi chimbeni.

Na mama usimdanganye tena. Anajua vizuri nyumba isiyo na wageni inavyosikika. Okanya akae kando ya kitanda amweleze mwenyewe alichofanya na anachokwenda kufanya.

Barua yako imekawia sana njiani. Huenda mama Alaso amekwisha kuzikwa, na huenda aliyechimba ni mwanawe, peke yake. Ikiwa ndivyo, pole sana, mwanangu, lakini nendeni kwa Omoding vilevile. Hapo hakuna atakayesema mmekwenda kutafuta wachimba kaburi.