Musyoka Anaulizia Ndengu

Mwende mwanangu, huna adabu. Ni wewe uliambia kanisa yote ati ndugu yako Musyoka anakunywa damu na Frimasoni, na tangu hiyo siku hajakanyaga nyumbani.

Hao watu nimewaona kwa macho yangu hapa Nairobi. Jumamosi loji yao, huo ukumbi wanakokutania, ilifungulia familia mlango, na Musyoka akanipeleka. Ni wazee wa suti, wamefunga aproni nyeupe, na mkubwa wao ndiye alinimiminia chai. Akasema, "Mama, tuombee chakula." Nikaomba kwa Kikamba, kwa sauti, na hakuna aliyeanguka na pepo. Siri zao sikuuliza. Hata baba yako alienda porini na wenzake kuchoma nyama, na sikuuliza.

Lakini Musyoka hakula. Aliniuliza polepole kama ndengu za shamba letu la Kyuso zimekomaa, na nani anavuna upande wake. Chai ikanishinda. Nimekumbuka wajukuu wangu na moshi wa jiko langu, hata wewe na huo mdomo.

Mwezi ujao loji yao inapelekea shule moja ya huko Ukambani, Mukuyuni, tangi la maji, na Musyoka atakuwa huko. Nenda umwombe msamaha mbele ya hao wazee wake wa loji, kisha umlete nyumbani.