Uso wa Bibi Kwenye Makopo ya Liwa

Bibi yangu Mariamu,

Salamu zikufikie huko uliko, na Mungu akupanulie kaburi lako. Mimi mjukuu wako Zaina bado niko Andoany, kwenye kibanda chako kile kile cha kuuzia liwa ya kujipaka usoni, na leo sikuandikii kwa huzuni. Huzuni nimeshaizoea. Nakuandikia kwa sababu nimejaa kinyaa, na hapa kisiwani Nosy Be sina mtu wa kumtapikia.

Uso wako uko kwenye kopo, Bibi. Aliyeuweka ni mjukuu wako mwenyewe, binamu yangu Salimu. Baada ya kukuzika alifungua duka Mahajanga, duka lenye milango ya vioo, na humo anauza liwa ya unga kwenye makopo ya bati. Alimlipa Mfaransa mmoja akuchore, na huyo Mfaransa akakupa pua nyembamba isiyo ya ukoo wetu na macho ya mtu mwenye homa. Chini yake wameandika "Liwa ya Bibi Mariamu". Wewe uliyekuwa ukijifunika ushungi mtu akikuelekezea kamera!

Na laiti ndani mngekuwa na liwa. Nimefika Belobaka, nje ya Mahajanga, kwenye banda la kazi la Salimu, nikaona kwa macho yangu. Vumbi la mbao kutoka kwa maseremala, udongo mweupe, liwa yenyewe chembe tu, kisha manukato ya Ulaya yanamwagwa juu ili kufunika uvundo. Wanachanganya kwa koleo. Kwa koleo, Bibi! Na mimi ulikuwa ukinikemea nikigusa jiwe la kusagia kabla ya kunawa mikono.

Nakukumbuka asubuhi umekaa mbele ya jiwe lile, unasugua kijiti cha mti wa liwa kwa maji kidogo kidogo, huku unanisema kwa uvivu wangu. Ukimaliza, unajipaka kwanza wewe, mashavuni na kwenye paji la uso, ndipo unafungua kibanda. Wanawake wa Kisakalava wakija kutoka Ambondrona na Nosy Komba hawakuanza na bei. Walikuita Dady, yaani bibi kwa lugha yao, wakakugusa shavu, wakanusa kidole. Wakisema "Tsara be!", nzuri sana, ndipo mnaanza kubishana. Siku kijiti kilipokuwa kibovu hukujipaka, na kwa kuwa hukujipaka hukuuza, ukawaelekeza wateja kwa Mama Fatima, mshindani wako. Nilikasirika mno. Ukanicheka, ukaniambia, "Acha waende. Mtu humrudia aliyemwambia kweli." Wakarudi, tena wakaja na mashoga zao. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nikadhani elimu ya biashara imeishia hapo.

Basi sikia kibaya kinavyojitembeza siku hizi.

Serikali ya Wafaransa iliandaa maonyesho ya biashara Mahajanga. Salimu akanitumia nauli ya meli. Alitaka nikae mbele ya meza yake nimejipaka liwa, si yake bali yangu, niliyoisaga mwenyewe. "Dada Zaina, wewe kaa tu upendeze," alisema. "Waache wakuguse shavu kama kwa Bibi." Yaani wanuse liwa ya jiwe kwenye uso wangu, halafu wafungiwe vumbi la seremala! Nilikubali kwenda, lakini kwa nia yangu. Wanawake wa hapa Andoany walikuwa wameanza kunijia na vipele usoni na makopo mkononi, wakisema, "Liwa ya bibi yako imenichoma." Mmoja alinitemea mate mlangoni. Jina lako lilikuwa linaoza mikononi mwangu, Bibi, na mkate wangu umo ndani ya jina hilo.

Siku ya maonyesho, kwanza Salimu alihutubia vijana wafanyabiashara, wakubwa wa Kifaransa wameketi mbele na kofia zao magotini. Wakamwomba aeleze siri ya mafanikio yake. Akaweka mkono kifuani, akasema aliyemfundisha ni wewe. Eti ulimwambia kwamba mteja hununua jina, na kilichomo ndani ni shauri la baadaye. Vijana wakaitikia kwa vichwa. Wakubwa wakapiga makofi, wakamvisha nishani. Hukupata kusema neno hilo, hata katika maradhi yako ya mwisho ulipokuwa unaweweseka.

Nikakaa mezani. Mama mmoja wa Kisakalava alikuja na binti yake, mwari wa kuolewa. Akanigusa shavu, akanusa, uso ukamchanua. Alipolishika kopo, nikasimama. Nikaomba maji, nikanawa uso mbele za watu mpaka ukabaki mtupu. Nikasema, "Mama, uliyoinusa si hii." Kisha nikafungua kopo, nikamgeukia mke wa Salimu aliyekuwa amekaa pembeni na dhahabu zake. Nikamwambia, "Wifi, jipake hii, watu waone." Akarudi nyuma. "Mimi ngozi yangu nyepesi," akasema. Watu wakaangua kicheko. Yule mama akalirudisha kopo mezani, akamshika binti yake mkono, wakaondoka.

Nilidhani nimeshinda, Bibi. Sikumjua Salimu. Alicheka pamoja nao, akapanda juu ya kiti, akapaza sauti: "Kweli inawasha! Inawasha kwa sababu inafanya kazi! Ngozi nyepesi haiwezi, hii ni ya wanawake wenye nguvu!" Wakanunua. Nakuapia, wakasukumana kununua. Hata yule mama alirudi, akanunua, na binti yake hakuinua macho kunitazama. Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawajafika Mahajanga. Nilitoka nje, nikatapika nyuma ya ukuta, na kila nikifumba macho naiona nishani ile.

Nimerudi nyumbani, na nimeamua jambo ambalo nakuomba radhi kabla hujalisikia. Sitapigania jina lako sokoni. Yeye ana makopo, ana Wafaransa, ana mdomo. Nikisema liwa yangu ndiyo ya Bibi Mariamu wa kweli, nitakuwa natangaza bidhaa yake. Kwa hiyo nimekitoa kile kibao cha jina lako kilichokuwa juu ya mlango. Jana mteja kutoka Nosy Komba aliniuliza kama hii ni liwa ya Bibi Mariamu. Nikamjibu kwamba hapana, ni ya Zaina. Akasita, akaenda zake. Nililia, sikufichi. Lakini asubuhi hii nimesaga tena, nikajipaka, nikafungua.

Lala salama, Bibi yangu. Nakuahidi kwamba jina lako sitaliuza mimi. Nitalitaja nikiwa nimetawadha, baada ya sala, mbele ya Mola peke yake, na sokoni hawatalisikia kinywani mwangu tena.

Mjukuu wako,
Zaina