Sori ya Wifi

Jumatatu, 3 Juni
Wifi kaniambia sori leo asubuhi. Ya nini? Sijui! Hakunikanyaga, hakunivunjia sindano. Nimeingia dukani, nimefunua cherehani yangu, nikasikia tu: "Sori, wifi." Nikageuka. Kainamia kazi yake.

Sori zake nazijua zote. Akipita nyuma yangu – sori. Akitaka uzi – sori. Mteja akifiwa, sori ndefu ya kichwa upande. Asiposikia vizuri, sori ya kukunja uso. Hata mtu akidai nguo aliyoahidiwa juzi, sori, tena na kicheko juu. Neno moja la Kizungu, analichomeka kila mahali kama pini. Ila hii ya leo sikuiona pa kuchomekwa.

Jumatano, 5 Juni
Tena! Kaniletea chai, akasema sori. Chai nayo kosa? Nimeinywa shingo upande.

Kuna koti la kijivu analishona. Nikisogea, analifunika. Nimeuliza la nani. Eti la mteja, bwana harusi, linachukuliwa Jumamosi. Tangu lini bwana harusi akafichwa?

Nimempigia mume wangu, kaka yake wifi, huko kazini kwake, mbali. Kasema mtandao mbaya, atanipigia. Hajapiga.

Alhamisi, 6 Juni
Wifi kaenda kununua vifungo. Nikalifunua.

Koti zuri, sikatai. Nikapitisha mkono kwa ndani. Bega la kushoto limejazwa pamba nene, la kulia nyembamba. Nikakaa chini.

Mume wangu bega lake la kushoto limeshuka. Makoti yake yote nimeyashona mimi, na yote nimeyajazia upande huo. Wenye bega kama lile wapo wengi, najua. Lakini mfuko wa ndani nao uwe kulia, kama wa mashoto? Yeye ni mashoto! Kikulacho ki nguoni mwako – na mimi fundi nguo. Nimelia, nikajifuta kwa kipande cha bitana.

Ijumaa, 7 Juni
Wifi kaniletea koti nitoboe matundu ya vifungo, maana mashine ya matundu ninayo mimi. Macho chini. "Sori, wifi."

Nikamwambia nitatoboa. Ila marehemu baba mkwe alituachia sharti: koti halitoki dukani mwenyewe hajalijaribu, mbele ya fundi aliyelimalizia. Asitumwe mtu.

Kashtuka. "Yuko bize, wifi."

"Basi harusi itangoja."

Katoka nje na simu.

Jumamosi, 8 Juni
Nimevaa gauni la bluu, lile analolipenda mume wangu. Futi shingoni, pini mkononi, koti limetundikwa. Naandika kwa sababu kukaa bure siwezi, naogopa. Wifi hajashona hata mshono mmoja tangu tufungue. Anachungulia dirishani tu.

Gari limesimama. Nasikia mlango ukifungwa. Na wa pili – wako wawili!

Wifi kaja, kanishika bega. Safari hii hajasema sori.