Njia ya Chini ya Dirisha la Ned

High Rigg
12 Agosti

Mdogo wangu Ned,

Salamu nyingi. Usishtuke kuona mwandiko wangu, hakuna aliyekufa. Mimi sijambo, isipokuwa goti linalia na jicho la kushoto limeingia ukungu, daktari amenizuia kuendesha gari. Natumaini wewe na kondoo wako mko salama. Ni miaka kumi na tisa hatujasalimiana, na nyumba zetu zimeachana mwendo wa nusu saa tu, lakini leo maji yamenifika shingoni.

Mjukuu wangu Bryony unamwona, yule mwenye koti jekundu anayesubiri basi la shule pale njia panda. Mwezi uliopita alitimiza miaka minane. Tulipika keki, tukapiga makofi, kumbe tunashangilia msiba. Mtoto wa chini ya miaka minane hupewa basi la bure akiwa anakaa zaidi ya maili mbili kutoka shuleni. Akishafika minane, wanataka zaidi ya maili tatu. Nikasema haidhuru, kwa barabara ni maili tatu na nusu, hata mimi na jicho langu moja naona hivyo. Jana ikaja barua ya halmashauri. Eti hawapimi kwa barabara. Wanapima kwa njia fupi kuliko zote ambayo mtoto anaweza kuitembea akifuatana na mtu mzima, nayo ni maili mbili na robo tatu.

Unajua ni njia gani. Ni ile inayokata malisho yako na kupita chini ya dirisha la jiko lako.

Binti yangu Heather anaingia kazini saa kumi na mbili asubuhi, hawezi kumpeleka. Mimi gari sina ruhusa, na goti langu haliwezi mwendo wote ule kwenda na kurudi. Kwa hiyo nakuomba uwaandikie kwamba njia ni tope tupu na mtoto atazama. Kuhusu kesi, bado nasema haki ilikuwa yangu. Lakini hilo tuliweke kando.

Ni mimi kaka yako,
Joss


Beckfoot
17 Agosti

Kaka Joss,

Salamu zako zimefika, nazipokea. Mimi ni mzima. Pole kwa jicho, na goti nalo pole, ingawa lilikuwa linalia tangu ujana wako kila ikifika siku ya kukata manyoya ya kondoo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mbili za kwanza nilisoma kwa raha zangu tu, na kikombe cha chai.

Sasa ngoja nikukumbushe. Miaka sita ulinipeleka mbele ya wakaguzi ili ile njia iandikwe kuwa ya umma. Mimi nilisema ni kinamasi. Nilisema mtu atavunjika mguu. Wewe ukaleta mashahidi kumi na mmoja! Ukamleta hata Bi Dockray, miaka themanini na minane, akaapa kwamba tangu usichana wake alikuwa akipita pale na viatu vya kanisani na havikuwahi kuchafuka. Watu wote ukumbini wakamcheka nani? Wakanicheka mimi. Na hukumu ninayo hapa kwenye droo ya vijiko: "Njia inapitika majira yote ya mwaka." Maneno ya nani hayo? Yako.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, kaka. Siwezi kukuandikia kitu. Nikisema leo ni tope, watasema mzee wa Beckfoot bado ana kinyongo.

Mtoto namwona kila siku. Ana mwendo wa mama yetu.

Mdogo wako,
Ned


High Rigg
25 Agosti

Ned,

Hujambo? Mimi sijambo kidogo.

Nimekata rufaa peke yangu. Nimewaandikia kurasa tatu: tope, mawe yanayoteleza, miiba, daraja bovu la kijito. Jana akanipigia simu msichana wao wa usafiri, Bibi Pickthall, sauti laini kama siagi. Akaniambia, "Mzee Tyson, tumesoma rufaa yako, asante sana. Ila hapa kwenye jalada tuna kiapo cha mtu anayesema njia hiyo ni kavu, pana, na kwamba hata kipofu angeipita kwa raha zake. Unamfahamu huyu bwana J. Tyson?"

Nikasema ni marehemu.

Akapekua karatasi, halafu akasema, "Pole sana. Anwani yake ni hiyo hiyo yako." Ned, nimeona aibu ambayo sijaiona tangu siku suruali yangu ilipochanika kwenye mnada wa kondoo.

Haya, cheka. Ukimaliza kucheka usikilize. Heather amesema basi likikosekana atahamia mjini na mtoto, karibu na shule. Ameshaenda kuona vyumba. Simlaumu, afanye nini? Lakini wakienda nitabaki na mbwa, na mbwa mwenyewe ni mzee kuliko mimi. Tangu mke wangu alipofariki, kelele za yule mtoto ndizo zinazoniamsha kitandani. Naogopa, Ned. Neno hilo sijamwambia mtu mwingine.

Tarehe 30 Bibi Pickthall anakuja kuitembea njia mwenyewe, na gurudumu lake la kupimia. Sikuambii useme uongo. Nasema tu kwamba kama siku hiyo yule fahali wako mweusi angependa kubadilisha malisho, nani angemlaumu?

Nakungoja,
Kaka yako Joss


High Rigg
31 Agosti

Ned,

Salamu sitoi. Barua yangu hukuijibu, na jana nilielewa kwa nini.

Nilikwenda na Bibi Pickthall mpaka kwenye mpaka wetu, nikabaki pale ukutani kwa sababu ya goti. Nilitegemea miiba. Nilitegemea lile daraja ambalo miaka ile lilikuwa ubao mmoja uliooza. Yeye akaenda na gurudumu lake, akarudi baada ya saa moja na nusu, viatu vyake vyeupe havina hata doa. Ned, viatu vyeupe! Akaniambia, "Mzee, sijawahi kuona njia iliyotunzwa namna hii. Miiba imekatwa. Kwenye mlima kuna ngazi za mawe. Daraja ni jipya na lina kamba ya kushikilia. Na yule bwana wa pale chini amenipa mkate wa tangawizi."

Mkate wa tangawizi! Wa mama! Mimi sijauonja miaka kumi na tisa, umempa mtu wa halmashauri!

Rufaa imekufa. Heather anakwenda kulipia chumba Ijumaa. Umeshinda, furahi. Lakini niambie ukweli, umeitengeneza njia lini? Ulipopata barua yangu ya kwanza ulitoka mbio na nyundo ili kunikomoa?

J.


Beckfoot
2 Septemba

Kaka Joss,

Shikamoo. Neno hili nilikunyima muda mrefu, lichukue.

Fahali haruhusiwi kuachwa malishoni penye njia ya umma. Sheria hiyo ulinisomea wewe mwenyewe, ukumbini, kwa sauti.

Njia sikuitengeneza mwezi huu. Nimeitengeneza kila masika kwa miaka kumi na tisa. Mwaka wa kwanza baada ya hukumu nilikata miiba kwa hasira, nikisema atakapopita bwana mshindi asipate la kusema. Hukupita. Mwaka wa pili nikaweka daraja. Nilijua una uzito, nikaweka mbao nene. Hukupita. Nikaweka kamba, nikafikiri labda ni goti. Nikajenga ngazi za mawe, siku arobaini, mgongo wangu haujapona mpaka leo. Mke wangu Annie alikuwa hai bado, akawa ananiuliza, "Ned, hiyo ngazi ni ya nani?" Nikamwambia ni ya umma.

Umma wenyewe hata mmoja hakuja. Wewe hukuja hata Annie alipofariki. Ulizunguka kwa barabara mpaka kanisani ukakaa nyuma. Ulipigania njia ya kuja kwangu miaka sita, kaka, na hujaipita hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma, kesi nilishaisahau zamani.

Sasa sikia. Kutoka kwako mpaka mlangoni kwangu ni nusu saa, goti lako litaweza. Kutoka kwangu mpaka shuleni ninalo gari la shamba. Mwambie Heather asilipie chumba. Mimi sitakuja kumchukua mtoto huko juu. Mlete wewe, kwa miguu. Ulishinda kesi, basi pita.

Saa moja na nusu asubuhi, chai itakuwa mezani.

Mdogo wako,
Ned


High Rigg
3 Septemba

Ned,

Weka na mkate.

Kaka yako


Beckfoot
21 Novemba
Kwa mkono wa Bryony, ndani ya mkoba wa shule

Kaka,

Shikamoo. Habari za tangu asubuhi? Namrudisha mtoto kwa barabara leo, nami nitangoja jibu lako garini; ameniimbia njia nzima kutoka shuleni, masikio yangu bado yanalia.

Kuna jambo. Muda mfupi baada ya wewe kuvuka kurudi kwako asubuhi, mafuriko yalikuja yakalibeba daraja zima, kamba na vyote. Mchana Bibi Pickthall akanipigia simu, maana wanakagua njia zote baada ya mvua. Anasema kama daraja halipo, njia haipitiki, na kwa sheria Bryony anastahili basi la bure kuanzia Jumatatu. Anataka uthibitisho wa maandishi kutoka kwako wewe mwombaji.

Nimemuuliza mtoto kama anataka basi. Amesema, "Kwenye basi hakuna mtu wa kugombana na babu." Lakini uamuzi ni wako. Ulilipigania basi hilo sana, na goti ni lako.

Mdogo wako,
Ned


High Rigg
21 Novemba
Kwa mkono wa Bryony

Ned,

Marahaba. Sijambo, na goti siku hizi halisemi neno.

Heather anasema tuamue wenyewe, mradi mtoto afike shuleni. Bibi Pickthall nimeshamwandikia. Nimemwambia yule marehemu J. Tyson alikuwa mtu mkweli, na kwamba njia inapitika majira yote ya mwaka.

Kesho ni Jumamosi. Nazunguka kwa barabara na nyundo. Wewe tafuta mbao nene, na lazima tumalize kabla ya Jumatatu, nisije nikawa mwongo.

Kaka yako,
Joss